Nailoni, Moto na Mchuzi: Tuielewe Plastiki Inayoingia Mwilini

Saa moja asubuhi Buguruni, supu ya utumbo inachemka kwenye sufuria kubwa, na harufu yake inakupokea kabla hujaliona benchi. Wateja wa kukaa wamekaa, sisi wa kubeba tumesimama. Mama anachota upawa, anamimina kwenye kimfuko chembamba cheupe, anakizungusha, anapiga fundo, kisha anakitumbukiza kwenye kimfuko cha pili kisije kikapasuka njiani. Nilipopokea changu nilikishika juu, kwenye fundo, maana chini palishalainika na kuvutika kama puto lililojazwa maji.

Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa na supu yake mkono mmoja na simu mkono wa pili, akitusikilizisha sauti iliyotumwa kwenye kundi la ukoo wao: wanasayansi wamekuta plastiki kwenye ubongo wa binadamu, inafika kijiko kizima, acheni maji ya chupa mara moja. "Mimi chupa nimeacha wiki ya pili sasa," akasema. "Nakunywa ya kisima tu."

Maneno yake sikuyasahau. Kijana anaijali afya yake, na habari aliyopewa ina ukweli ndani yake. Lakini amekimbia chupa ya maji baridi, na supu ya moto kwenye nailoni ameibeba bila wasiwasi wowote. Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, na swali la plastiki ndilo ninaloulizwa kuliko yote, shuleni na mtaani. Habari zinatufikia vipandevipande: leo damu, kesho mishipa ya moyo, keshokutwa mchele wa plastiki. Tuzipange.

Neno lenyewe kwanza. Sisi Dar kila kilaini cha plastiki tunakiita nailoni, na mfuko wa kubebea tuliuita rambo mpaka ulipopigwa marufuku. Kikemia, nailoni halisi ni kitu kingine kabisa. Ni uzi uliotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake nchini Marekani, na leo unaukuta kwenye nyavu za wavuvi pale Feri, kwenye kamba na kwenye soksi ndefu za kina mama. Kile kimfuko cha supu ni polietilini. Dumu la manjano la maji nalo ni polietilini, ila nzito zaidi. Kopo la maji ya dukani, lile wanaloliokota vijana wa makopo, ni PET. Beseni, chupa nyingi za maziwa ya watoto na vile vibakuli vya mfuniko vya kuhifadhia chakula ni polipropilini. Bomba la maji na ganda la waya wa umeme ni PVC.

Zote hizi ni polimeri. Chukua shanga za kiunoni. Shanga moja moja ni kitu kidogo sana, inakuteleza vidoleni. Zitunge elfu kumi kwenye uzi mmoja, unapata kitu kirefu chenye nguvu na tabia nyingine kabisa. Molekuli ndogo za gesi au mafuta zikishikana hivyo, moja nyuma ya nyingine, unapata plastiki. Wazo hili lilitolewa mwaka 1920 na Mjerumani Hermann Staudinger, na wakubwa wenzake katika kemia hawakulikubali. Hawakuamini molekuli inaweza kuwa ndefu kiasi hicho. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953. Wakati huo plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kikemia mwanzo hadi mwisho, ile ya Leo Baekeland ya mwaka 1907, ilishazeeka, na polietilini ilishagunduliwa kwa bahati tu mwaka 1933, watafiti wa Kiingereza walipokuta unga mweupe kama nta umebaki kwenye mtambo wa majaribio ya gesi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba aina ya shanga ndiyo inayoamua tabia ya plastiki. PVC ina klorini kwenye shanga zake. Polietilini, PET na polipropilini hazina. Tofauti hiyo itatuhusu sana tutakapofika kwenye moto.

Hapo hapo niondoe mkanganyiko mmoja wa mjini. Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kilichozuiwa ni vibebeo, yaani mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio, yaani plastiki inayofunga bidhaa iliyotoka kiwandani kama mkate au maziwa, havikuzuiwa kwa jumla, ilimradi vikidhi viwango. Wenzetu wa Zanzibar walishatangulia kuzuia mifuko tangu mwaka 2006. Sasa, ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, inayotakiwa kuwa na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, watu wengi wanadhani ni pamba. Nyingi ni polipropilini. Ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa pamoja. Faida yake ni kwamba unaweza kuutumia mfuko mmoja mara nyingi, na faida hiyo ipo pale tu unapoutumia kweli mara nyingi. Ukichakaa na kuanza kuchambuka nyuzi, unachambuka plastiki.

Na ile pembetatu yenye namba chini ya chombo? Nimesikia watu wakisema namba 1 ni sumu, namba 5 ni salama, mwingine anageuza kinyume. Namba zile zilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili watu wa viwandani wajue hii ni plastiki ya aina gani: 1 ni PET, 2 ni polietilini nzito, 3 ni PVC, 4 ni polietilini laini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, 7 ni zilizobaki zote. Hazikuwekwa kupima usalama, wala hazithibitishi kwamba kitu hicho kitarejelezwa. Ni jina la ukoo tu.

Nenda jikoni kwako, utoe kibakuli cha plastiki kilichowahi kulala na mchuzi wa nazi wenye bizari. Kitazame. Kina duara la rangi ya chungwa ambalo halitoki kwa sabuni wala kwa steliwaya, na ukipitisha kidole bado kinateleza. Ule ni ushahidi kwamba plastiki na mafuta vinapendana. Bizari imeyeyuka kwenye mafuta, na mafuta yameingia ndani ya plastiki.

Njia hiyo ina pande mbili. Kama mchuzi unaweza kuingia kwenye plastiki, vilivyomo kwenye plastiki vinaweza kutoka kwenda kwenye mchuzi. Na vilivyomo ni vingi. Plastiki tupu, shanga pekee, mara nyingi huwa ngumu, inakatika, inaharibiwa na jua. Kiwanda kinaongeza vilainishi, rangi, vizuia jua, vizuia moto. Mapitio makubwa yaliyotolewa mwaka 2024 yalihesabu kemikali zaidi ya 16,000 zinazotumika au kukutwa kwenye plastiki, na zaidi ya 4,200 kati ya hizo zinatia wasiwasi kwa afya au mazingira. Viongezwa vingi havijafungwa kwenye uzi wa shanga. Vimejibanza katikati tu, kama abiria waliosimama kwenye daladala. Breki kidogo, mtu anajikuta mlangoni.

Breki hizo ni tatu: joto, mafuta na muda. Supu ya utumbo, ikitoka jikoni ikatembea kutoka Buguruni hadi Tabata kwenye foleni, inazo zote tatu.

Miongoni mwa viongezwa hivyo, vinavyochunguzwa zaidi ni vilainishi viitwavyo fthaleti, pamoja na BPA, kemikali inayotengenezea plastiki ngumu inayong'aa na utando wa ndani wa makopo ya chakula. Zinaogopwa kwa sababu zinaweza kuiga au kuvuruga homoni. Homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo hata kitu kidogo kinachofanana nayo kinaweza kuleta ujumbe wa uongo mwilini, hasa kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliteremsha kiwango cha BPA inachoona mtu anaweza kuvumilia kwa siku, ikakifanya kidogo mara 20,000 kuliko cha mwanzo. Baada ya hapo Ulaya ikaamua kuiondoa kwenye vyombo vya chakula.

Hizo ni kemikali zinazoyeyuka na kutoka. Mikroplastiki ni habari nyingine, ingawa kwenye sauti za simu huchanganywa. Hii ni plastiki yenyewe iliyomeguka vipande vidogo, chini ya milimita 5, yaani kuanzia punje ya choroko kushuka chini mpaka usiyoweza kuiona. Ikishuka chini ya sehemu ya elfu moja ya milimita huitwa nanoplastiki. Neno mikroplastiki lilienea baada ya Mwingereza Richard Thompson na wenzake kulitumia mwaka 2004, walipozikuta kwenye mchanga wa fukwe za kwao.

Kwetu pia zipo. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyofanywa Mwanza, watafiti wakiwa wamenunua sangara na sato sokoni kando ya Ziwa Victoria: samaki mmoja kati ya watano wa kila aina alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Baadaye pwani ya Tanzania ilipimwa, mchanga na kombe, na mkondo wa Mtoni Kijichi hapa Dar ukawa mojawapo ya sehemu zilizokutwa na chembe nyingi. Aliyewahi kusimama kwenye daraja juu ya Msimbazi wakati wa masika, akaona makopo na vifungashio vikishuka kwa kundi kuelekea baharini, hatashangaa. Jua la pwani linaikausha plastiki, mawimbi yanaisaga, na kilichokuwa kopo moja kinakuwa mamilioni ya vumbi. Tairi za magari na nguo za poliesta nazo zinamwaga chembe zake kila siku bila kelele.

Zinaingiaje mwilini? Kwa kunywa, kula na kupumua. Vipande vikubwa vinapita tumboni na kutoka. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba vyenye ukubwa wa zaidi ya mikromita 150, karibu unene wa nywele mbili, havitarajiwi kufyonzwa na mwili. Wasiwasi uko kwenye vile vidogo zaidi, na hapo ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umekazana.

Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wenye afya, wakakuta plastiki kwa watu 17. Januari 2024 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitumia mwanga wa leza kuhesabu chembe kwenye maji ya chupa ya aina tatu zinazouzwa Marekani, wakapata wastani wa chembe 240,000 kwa lita. Asilimia 90 ilikuwa nanoplastiki, ambazo vipimo vya zamani vilikuwa havizioni. Hesabu hii pengine ndiyo iliyozaa lile agizo la kuacha chupa alilolisikia kijana wetu wa supu, bila yeye kujua lilikotoka. Namba ni kubwa kweli, lakini inahesabu vipande, haipimi uzito. Chembe laki mbili za ukubwa huo ukizikusanya huzioni hata kwenye kucha. Watafiti wenyewe hawakusema watu waache kunywa maji. Na mtu wa Dar akiacha maji safi ya chupa akahamia kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo, amekimbia hatari ambayo haijapimika vizuri akaenda kuikumbatia inayojulikana kwa jina: kipindupindu.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Italia, uliochapishwa Machi 2024. Madaktari walichukua uchafu wa mafuta uliotolewa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, wakautafuta plastiki, kisha wakawafuatilia wagonjwa 257 kwa karibu miaka mitatu. Watu 150 walikuwa na polietilini mle ndani. Waliokuwa na plastiki walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wasiokuwa nayo.

Taarifa hii isomwe kwa utulivu. Tukiwapima watu wanaotembea na kiberiti mfukoni tutakuta wengi wana mapafu mabovu, na hatutasema kiberiti ndicho kilichowaharibu. Sigara ndiyo imeleta vyote viwili. Huenda waliokuwa na plastiki nyingi kwenye mishipa walikuwa pia na chakula, kazi au hewa tofauti. Watafiti walijitahidi kuondoa baadhi ya sababu hizo kwenye hesabu zao, na wakakiri kwamba uhusiano huu hauthibitishi kuwa plastiki ndiyo chanzo. Mimi nauchukulia kwa uzito mkubwa. Unanitosha kupunguza ninachoweza kupunguza bila kuwatia watu kiwewe.

Sasa ule ubongo. Utafiti huo wa Chuo Kikuu cha New Mexico, uliochapishwa mapema 2025, ulipima miili ya watu waliofariki na kuripoti plastiki nyingi kwenye ubongo kuliko kwenye ini na figo. Magazeti yakaigeuza hesabu kuwa "kijiko cha plastiki kichwani". Njia iliyotumika ni kuichoma sampuli kwa joto kali na kuzichambua gesi zinazotoka, kwa sababu kila plastiki ina harufu yake ya kikemia. Tatizo ni kwamba ubongo umejaa mafuta, na mafuta ya mwili yakichomwa hutoa gesi zinazofanana na za polietilini. Ni kama kutafuta nyumba inayokaanga dagaa kwa kunusa tu, ilhali mtaa mzima unakaanga samaki. Wanakemia wengine wamehoji hesabu hiyo kwa sababu hii hasa. Kwa hiyo kauli ya plastiki kuwamo ubongoni bado inabishaniwa na wenye ujuzi, na ile ya kijiko kizima usiisambaze. Vivyo hivyo ile ya "tunakula kadi ya benki kila wiki" iliyotoka mwaka 2019: waliorudia mahesabu baadaye walikuta kiasi kilikuzwa mno.

Mchele wa plastiki nauongelea haraka, kwa sababu bado kuna watu wanafinyanga wali kuwa kitonge, wanaudundisha mezani na kutuma video. Wali unadunda kwa sababu ya wanga wake. Ukiupika ukaufinyanga, wanga unashikana kama mpira. Plastiki hainywi maji. Ungeichemsha saa nzima isingevimba, ingelainika na kushika sufuria. Nigeria mwishoni mwa 2016 ilikamata shehena iliyodhaniwa kuwa ya plastiki, maabara ikasema ni mchele halisi, ila umechafuliwa na vijidudu.

Uvumi mwingine ni kwamba chupa ya maji ikiachwa kwenye gari juani inatoa dioksini, kemikali zenye sumu kali, na kuleta saratani. Rudi kwenye shanga. Dioksini hizo zinazoogopwa zinahitaji klorini, na PET haina klorini. Haiwezi kutoa kisichomo. Jua kali linaweza kutoa kitu kingine: madini ya antimoni, yanayotumika kiwandani kutengeneza PET, huongezeka kwenye maji chupa ikikaa muda mrefu kwenye joto la kupita nyuzi 60. Kwa hiyo maji yaliyolala ndani ya gari wiki nzima juani yamwagilie maua. Ila dioksini usizitafute huko. Zitafute kwenye jiko lako la mkaa.

Nimeona hili tangu nikiwa mtoto, na natamani kila anayesoma alichukue kwa moyo. Mkaa umelowa, mafuta ya taa yamepanda bei, mtu anachukua kimfuko cha nailoni au kipande cha kandambili, anakiwasha na kukidondosha juu ya mkaa. Matone yanalia "vuu, vuu" yakidondoka, moshi mweusi mzito unapanda, na mara nyingi mama ameinama anapuliza huku mtoto yuko mgongoni. Polietilini ikichomwa hivyo, bila hewa ya kutosha, inatoa masizi na kemikali za masizi zinazojulikana kuleta saratani. Ikiwa ni PVC, kwa mfano ganda la waya, lile vijana wa vyuma chakavu wanalolichoma ili wapate kopa, klorini inaingia kwenye moshi na hapo dioksini zinazaliwa kweli. Ile kali kuliko zote imewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Ikiingia mwilini inajificha kwenye mafuta, na kupungua nusu tu inachukua kati ya miaka 7 na 11. Inaanguka pia na majivu, kuku wa kienyeji anadonoa, yai linaibeba. Mwaka 2019 mayai ya kuku waliokuwa wakizunguka Agbogbloshie, Accra, palipokuwa pakichomwa waya na mabaki ya vifaa vya umeme, yalikutwa na dioksini kwa kiwango cha kutisha.

Nikiambiwa nichague jambo moja la plastiki la kubadilisha Dar nzima kesho asubuhi, ningechagua hili la moto. La pili lingekuwa la joto kwenye chakula. Mwaka 2020 watafiti wa Dublin, Ireland, walifuata utaratibu wa kawaida wa kutengeneza maziwa ya unga kwenye chupa za watoto za polipropilini, wakakuta hadi mikroplastiki milioni 16 kwa lita. Maji yalipokuwa ya nyuzi 25 zilitoka chache, chini ya milioni moja. Yalipofika nyuzi 95 zilifika milioni 55. Plastiki ni ileile, chupa ni ileile, kilichobadilika ni joto. Mama mwenye mtoto wa chupa anaweza kufanya hivi: chemsha maji kwenye sufuria, korogea maziwa kwenye kikombe cha chuma au cha kioo, yaache yapoe hadi ya uvuguvugu, kisha ndiyo uyamimine kwenye chupa.

Hiyo ndiyo kemia ya madhara. Ipo pia ya tiba, na inatoka sehemu ambazo hutarajii. Mwaka 2016 Wajapani walitangaza bakteria waliyemkuta kwenye kiwanda cha kurejeleza chupa katika mji wa Sakai, anayekula PET. Anatoa kimeng'enya kinachokata uzi wa shanga, kama mate yetu yanavyokata wanga. Wafaransa mwaka 2020 walikiboresha kimeng'enya cha ukoo kama huo hadi kikavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, shanga zikabaki moja moja tayari kutungwa upya. Hakili nailoni yetu ya supu, kwa sababu uzi wa polietilini hauna viungo ambavyo mkasi wake unaweza kushika. Mwishoni mwa 2024 Wajapani wengine, wakiongozwa na Takuzo Aida, walionesha plastiki iliyoshikamanishwa kwa chaji za umeme, ngumu kama ya kawaida, lakini ukiitumbukiza kwenye maji ya chumvi inayeyuka kwa saa chache. Bado iko maabara.

Nilifurahi zaidi niliposoma kuhusu bamia. Watafiti wa Texas walichukua utelezi wa bamia na wa uwatu, vitu ambavyo bibi zetu wa pwani wanavijua kuliko wanakemia, wakaukausha na kuusaga. Unga ule ukitiwa kwenye maji yenye mikroplastiki unazinata, zinakuwa madonge, zinazama. Kwenye baadhi ya maji uliondoa zaidi ya asilimia 80. Brazil nao wamejaribu mbegu za mlonge, zilezile ambazo vijijini husagwa kutuliza maji ya mto yenye tope. Protini zake zina chaji chanya, uchafu na plastiki majini vina chaji hasi, vinavutana.

Na kuna jambo ambalo nyumba nyingi za Dar zinalifanya bila kujua faida yake ya ziada. Watafiti wa Guangzhou, China, walionesha mwaka 2024 kwamba kuchemsha maji magumu kunaondoa hadi asilimia 90 ya chembe ndogo za plastiki zilizomo. Maji magumu ni yale ambayo sabuni haitoi povu na sufuria inaota ukoko mweupe, kama ya visima vyetu vingi. Chokaa iliyomo inaganda kwa joto, na inapoganda inazifunga chembe ndani yake kama tui linavyoshika dagaa. Kwenye maji laini iliondoka robo tu. Baadaye unayachuja yakishapoa, kwa kitambaa safi cha pamba, ukoko ubaki juu. Bibi yangu alikuwa anayachuja kwa kipande cha kanga, anasema anatoa "unga".

Yote haya nilimweleza yule mama wa supu, si siku moja, kidogokidogo kila nilipopita. La vimfuko alinijibu kwamba mteja ndiye anayekuja mikono mitupu, na ni kweli. Siku hizi naenda na hotpoti yangu yenye chuma ndani, naye ananiongezea kipande cha utumbo. La moto ndilo lililomsumbua.

"Sasa mwalimu, huu mkaa niwashie nini? Karatasi inaungua inaisha, moto haujashika."

Aliyejibu ni bibi mmoja aliyekuwa kwenye benchi, anakunywa supu yake taratibu. "Mwanangu, kwani nazi unazokuna hapa kila siku vifuu vyake unavipeleka wapi?"

Mama alicheka, akanyoosha kidole nyuma ya kibanda. Kulikuwa na kiroba kizima, kinasubiri gari la taka. Asubuhi iliyofuata nilikuta vifuu viwili vimewekwa kifudifudi katikati ya jiko, makumbi yamechomekwa chini yake, na moto wa manjano unapanda kupitia kwenye mkaa. Moshi ulikuwa mweupe na mwembamba, unanukia nazi.